Stresi za kwenye zege, na kanopi lililonifundisha kuzisoma

Juzi dogo mmoja wa mtaani kwetu, yuko mwaka wa 2 anasoma uhandisi wa ujenzi, kanitumia voisi noti ya dakika 4 na ushee, yote malalamiko. Testi ya solidi mekaniksi, yani somo la nguvu zinazofanya kazi ndani ya vitu, kapata 11 kati ya 40 na anaapa fomula zote alikuwa nazo kichwani. "Kaka, hili somo la stresi ndo linanipa stresi." Nikacheka, ila nikakumbuka kwamba hata mimi nililipita kwa kuchungulia tu, nikaja kulielewa niko fildi, kwenye saiti, siku kanopi lilipoinamisha kichwa mbele ya macho yetu. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ikawa ndefu kuliko yake, nikaona bora niandike.

Lilikuwa jengo la ghorofa 2, chini maduka juu ofisi, la nani na wapi tuachane navyo. Juu ya milango ya maduka kulikuwa na kanopi, yani zege limechomoza nje ya ukuta mita 1.5, unene sentimita 10, mbele hamna nguzo hata moja, limeshikwa na bimu la nyuma tu. Mchoro ulisema nondo za milimita 10, kila sentimita 20, zikae JUU. Fundi nondo alizifunga juu, nilishuhudia, tena nilipima na tepu nikajiona injinia kweli kweli. Jumamosi zege likamwagwa. Sasa we mwenyewe unajua zege la makarai linavyoenda, saidia fundi wamejipanga mstari, karai linatoka kwenye mikono hadi mikono, na wale wa mwisho hawana pa kukanyaga zaidi ya juu ya nondo zenyewe, wanapita, wanarudi, wanapita, na nondo ya milimita 10 ukiikanyaga na gumboti haikuombi ruhusa, inashuka tu. Hamna aliyeshtuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu mifuko ya simenti.

Wiki 3 baadaye mirunda ikatolewa, kanopi likasimama vizuri tu, watu wakapeana mikono. Siku mbili likasimama. Siku ya tatu mafundi wa tofali wakapandisha ukuta mdogo pale ukingoni, kozi 3 za nchi 6, wa kuzuia maji na kuweka bango la duka. Jioni tunanawa ili tuondoke, fomeni akaita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Juu ya kanopi, pale linapoungana na bimu, kulikuwa na ufa umenyooka kama umepigwa kwa rula. Tukatoa watu wote, tukafunga njia kwa kamba. Usiku likainama, asubuhi tumelikuta linaning'inia kama ulimi wa mbwa, limevunjika ila nondo bado zimelishika. Hamna aliyeumia, Mungu mkubwa. Tulipolibomoa tukazikuta nondo zimelala sentimita 2 na nusu tu kutoka chini.

Mzee mmoja pale, fundi wa siku nyingi, akaniangalia akasema, "Injinia wa vitabu, nondo zipo, zege lipo, simenti haikuibiwa. Haya tuambie."

Sikuwa na jibu. Na nilikuwa nimepata B kwenye hilo somo.

Basi dogo, jibu nililotakiwa kumpa yule mzee ndo utangulizi wa somo zima. Kwenye mekanika ya mwaka wa kwanza ulifundishwa kuangalia kitu kutoka nje, nguvu hizi zinashuka, hizi zinapanda, jumla sifuri, kitu kimetulia, umemaliza. Solidi mekaniksi inaanza pale hiyo inapoishia. Inauliza: sawa kimetulia, lakini HUMO NDANI hali ikoje? Maana mtu anaweza kuwa amesimama tuli mlangoni huku kabeba gunia kichwani na magoti yanatetemeka. Na namna ya kuingia ndani ni moja tu, unachukua kisu cha kufikirika unakata. Unakata pale unapopatilia shaka, unatupa kipande kimoja, halafu unajiuliza kile kilichobaki kinahitaji kushikwa na nini kwenye uso uliokatwa ili kisidondoke. Hicho kinachokishika ndo nguvu ya ndani. Ukiigawa kwa eneo la ule uso unapata stresi. Wazo la kukata popote, kwa pembe yoyote, na kuuliza stresi kwenye huo uso, liliwekwa sawa na mwanahisabati Mfaransa, Cauchy, mwaka 1822, na nakwambia ukweli kama huwezi kukata huwezi kufaulu, fomula zote ulizokariri ni za mtu aliyekwisha kukata.

Haya tukate kanopi letu pale kwenye ufa. Chukua kipande cha mita 1 tu kwa urefu wa ukuta. Zege la nondo lina kama kilo 2,500 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo mita 1.5 mara 1 mara 0.1 ni kilo 375. Uzito huo unahesabika kama uko katikati, mita 0.75 kutoka ukutani, kwa hiyo momenti, yani nguvu ya kuzungusha, uzito mara umbali, ni 375 mara 0.75, karibu kilo-mita 281 (kilo mara mita, siyo kilomita za barabarani). Sasa leta tofali. Kozi 3 zina kama kilo 200 kwa kila mita, lakini zimekaa ukingoni kabisa, mita 1.4 kutoka ukutani. Zidisha: 280. Umeona? Kilo 200 za tofali zimefanya kazi ileile iliyofanywa na kilo 375 za zege, momenti imekuwa mara mbili mchana mmoja, na pale saiti kila mtu alikuwa anasema "si kozi 3 tu hizo".

Kwa hiyo uso uliokatwa unahitaji kuzuia kilo-mita 560 hivi zisiuzungushe. Unazuiaje? Sehemu ya juu ya uso inavuta, sehemu ya chini inasukuma, mkono wa kulia na wa kushoto kama unavyozungusha usukani. Juu panavutwa, chini panasukumwa, na katikati kuna mstari ambao haujali, haurefuki haufupiki. Hapo ndo moyo wa somo ulipo na ndo maana nimeanza na kanopi.

Unajua nani alilikosa hili? Galileo. Mwaka 1638, mzee ameshapofuka, yuko kwenye kifungo cha nyumbani karibu na Florence, kitabu chake kikachapwa kule Leiden kikiwa na mchoro wa boriti imechomekwa ukutani na jiwe linaning'inia mwishoni. Yani kanopi letu. Aliona sahihi kwamba nguvu ya boriti inakua na upana mara kimo mara kimo, hiyo ni kubwa sana kwa mtu wa wakati ule, lakini alidhani uso wote unavutwa, kuanzia juu mpaka chini, na kwamba boriti inazunguka kwenye ukingo wake wa chini. Kwa kosa hilo jibu lake linatoka kubwa mara 3 kuliko linavyotakiwa, na ukijenga kwa jibu lililozidi mara 3 unajua kinachofuata. Watu kadhaa wakarekebisha njiani, Parent, Coulomb, mpaka Navier mwaka 1826 ndo ikakaa kama inavyofundishwa leo. Miaka 188 kuhamisha mstari mmoja kutoka ukingoni kuja katikati! Kwa hiyo ukiukosa kwenye testi usijinyonge, ila usiukose kwenye saiti.

Turudi. Ukitumia fomula ya Navier kama vile hamna nondo kabisa, zege tupu, uzito wa kanopi peke yake unaleta mvuto kama wa nyutoni 1.7 (uzito wa kilo 1 ni kama nyutoni 10) kwa kila milimita mraba pale juu. Zege la kawaida ukilisukuma linavumilia 20, 25 na kuendelea, lakini ukilivuta linaanza kupasuka kwenye 2 au 3 hivi. Ndo tabia yake, ni kama jiwe. Kwa hiyo zile siku mbili lilisimama kwa zege lenyewe tu, nondo hazikuwa zimefanya kazi yoyote ya maana, na sisi tulipeana mikono kwa bahati. Tofali zilipokuja mvuto ukafika 3.3. Ufa. Na ufa ukishatokea zege la juu limejiuzulu, sasa ndo zamu ya nondo.

Nondo za milimita 10 kila sentimita 20 ni 5 kwa mita, za kiwango cha 460, yani nyutoni 460 kwa kila milimita mraba, zinaweza kuvuta jumla kama tani 18 kabla hazijaanza kurefuka bila kurudi. Tani 18! Mtu akisikia hivyo analala usingizi. Lakini hazizuii momenti kwa nguvu peke yake, zinazuia kwa nguvu mara umbali kati ya nondo inayovutwa na zege la chini linalosukumwa. Kama zingebaki juu palepale nilipozipima, umbali huo ungekuwa kama milimita 68, tani 18 mara hiyo unapata kilo-mita kama 1,220, zaidi ya mara mbili ya tulichohitaji. Ziliposhushwa na magumboti umbali ukawa milimita 18 hivi. Tani ni zilezile, nondo zilezile, risiti ya dukani ileile, unapata kilo-mita kama 324. Tulihitaji 560.

Hilo ndo jibu la yule mzee, limenichukua muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Sasa hebu nirudi nyuma kidogo maana nimeruka streini. Stresi ni nguvu kwa eneo, streini ni kitu kimerefuka kiasi gani ukilinganisha na urefu wake wa mwanzo, haina hata uniti. Uhusiano wa hivyo viwili ndo tabia ya kitu chenyewe. Mwingereza Robert Hooke alikuwa na wivu sana na mawazo yake, mwaka 1676 akalichapa hili kama fumbo la herufi zilizochanganywa, ceiiinosssttuv, ili mtu asimuibie huku yeye amewahi namba, akalifumbua 1678: ut tensio, sic vis, kwa Kilatini, kadiri unavyovuta ndivyo nguvu inavyokuwa. Ukivuta mara mbili inarefuka mara mbili. Leo tunazidisha streini kwa moduli ya Young, herufi E, yani kipimo cha ugumu wa kitu, tunapata stresi, na kwa chuma ni kama nyutoni 200,000 kwa milimita mraba, aluminiamu kama 70,000.

Namba hizo hazisemi kitu mpaka uzishike. Chukua nondo ya milimita 12, ndefu mita 12 kama zinavyouzwa dukani kabla hawajaikunja waipakie kwenye guta. Ining'inize, chini funga tani 1. Eneo lake ni milimita mraba 113, stresi inakuja kama 87, gawa kwa 200,000, zidisha kwa urefu, nondo yote imerefuka milimita 5. Tani nzima, mita 12, milimita 5, na ukiutoa mzigo inarudi ilipokuwa. Kila kitu kinalegea kidogo kikibebeshwa, hamna kisicholegea, hata ukuta unaouegemea sasa hivi umesogea kwa ajili yako. Kazi ya injinia ni kujua umesogea kiasi gani na kama utarudi.

Kama hautarudi, kuna namna mbili. Chuma kikipita kiwango chake kinaanza kurefuka bila aibu, kinajinyonga kiuno, kinakupa muda wa kukimbia, ndo maana kanopi letu lilining'inia halikudondoka. Chaki haikupi muda. Na kwa kuwa nimeitaja chaki: chukua nzima, usiivunje kwa kuikunja, isokote kama unakamua nguo, taratibu mpaka ikatike. Angalia ilipokatika. Haikukatika wima, imekatika kwa mzunguko kama parafujo, pembe kama nyuzi 45. Wewe umesokota tu, hukuvuta popote, lakini ndani ya chaki, ukikata kwa ile pembe, kuna uso ambao unavutwa tupu, na chaki kama zege haipendi kuvutwa, ikaachia palepale. Ile duara ya Mohr inayowatoa machozi, ya Mjerumani Otto Mohr, mwaka 1882, kazi yake ni hiyo tu, kukuonesha ukizungusha kisu chako stresi zinabadilikaje na mbaya kuliko zote iko pembe gani. Dogo anaijua kuichora kwa kompasi safi kabisa ila hakuwahi kuambiwa ni ya nini. Hapo nawalaumu wanaofundisha, samahani.

Kingine ambacho mafundi wanakijua bila kukisoma ni kusimamisha mbao. Mwambie fundi paa akulazie mbao ya mbili kwa nne kibapa kwenye kenchi, atakuona umechanganyikiwa. Ukiisimamisha ni ngumu kukunjika mara 4 kuliko ukiilaza, mbao ileile. Rula yako ya upana wa milimita 30 na unene wa 3 ukiisimamisha ni mara 100. Sababu ni ule mstari wa katikati usiojali, mata iliyoko karibu nao imekaa tu inakula bure, iliyoko mbali ndo inafanya kazi, ndo maana chuma cha umbo la I kimenona juu na chini halafu katikati kimekonda.

Na wazee wetu wa pwani. Ukienda Mji Mkongwe Unguja au Lamu, ingia nyumba ya zamani ya mawe halafu pima chumba. Kirefu kweli, lakini upana hauzidi mita 3, tena mara nyingi haufiki. Nilikuwa nadhani ni mila tu. Kumbe dari zile zimebebwa na boriti za mikoko, zilezile zilizokuwa zinapakiwa majahazini kutoka delta ya Rufiji na Lamu kwenda Omani na Ghuba, na juu ya boriti kuna mawe na chokaa, mzigo wa kutisha. Urefu wa boriti ndo upana wa chumba. Ungetaka upana mara mbili kwa boriti zilezile na mzigo uleule kwa kila mita, momenti inapanda mara 4 na kulegea katikati kunapanda mara 16. Mara 16! Yani dari iliyokuwa inashuka nusu sentimita usiione sasa ingeshuka 8. Hakuna aliyewaandikia hiyo fomula, ila nyumba imesimama.

Kuhusu kupinda kwa nguzo nitasema kidogo tu maana hiyo ni makala nyingine, na mwanahisabati Euler aliimaliza karne ya 18. Nguzo nyembamba haifi kwa kusagika, inakufa kwa kuponyoka pembeni, kama mrija wa soda ukiubonyeza kwa kiganja. Ukiongeza urefu mara mbili uwezo unabaki robo. Kwa hiyo ukiona fomeni anapigilia mbao za kuunganisha mirunda katikati, usidhani anapendezesha, ukiushika vizuri katikati usiponyoke upande wowote umeupa uwezo mara 4 kwa misumari michache na kipande cha mbao. Wanaoiba zile mbao jioni waende nazo kuni hawajui wanachoiba.

Testi yako dogo nimeiona, ulinitumia picha. Swali la kwanza umeandika fomula 3 sahihi na hujachora hata mstari mmoja. Chora boriti. Ichore imekunjika kabisa, kwa kuzidisha, kama ndizi. Weka alama upande uliorefuka. Hiyo peke yake ingekupa alama 4 na ingekuzuia kuweka jibu hasi mahali pa chanya kwenye swali la 3. Calculator weka mfukoni kwanza.

Kanopi lilimwagwa upya. Mara hii yule mzee alikunja vipande vya nondo vikawa kama vikiti vidogo, akavipanga chini ya nondo za juu kila baada ya hatua, halafu akatandika mbao za kupitia, na saidia fundi aliyekanyaga nje ya mbao alitukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mwaka jana nilipita pale. Chini bodaboda wamejibanza wanakwepa mvua, juu kuna bango la duka la simu. Ufa wa kanopi ukiwepo huuoni kutoka chini, unakuwa juu, kwa hiyo nikapanda ngazi nikamwomba dada wa ofisi ya ghorofani nichungulie dirishani kwake, akaniangalia kama mwizi ila akaniruhusu. Nikachungulia pale linapoungana na bimu. Safi, hamna kitu. Kulikuwa na ndala moja, chupa za maji, na maji ya mvua yametuama nyuma ya ule ukuta mdogo kwa sababu bomba limeziba. Kama sentimita 3 hivi. Sentimita 3 mara mita 1.5, kilo 45 kwa kila mita, mkono 0.75...

"Kaka umemaliza?" dada akauliza.

Nikamwambia bado kidogo, na kama ana fimbo ndefu nizibue bomba.